Kinachokusanywa Usiku



Ndugu zangu, wengi wetu tumeliona pitaya, tunda jekundu lenye magamba linalouzwa hapa Kampala. Mmea wake ni kaktasi yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na sasa unalimwa hata Uganda. Ua lake ni kubwa, jeupe, lenye harufu nzuri. Hufunguka giza likiingia, na asubuhi jua likipanda hunyauka. Huko kwao, popo na nondo hulichavusha usiku huohuo. Tunda tunalonunua mchana lilianza gizani.

Mmea wenyewe nao huishi hivyo. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana kuvuta hewa ya kabonidayoksaidi. Kaktasi ikifanya hivyo juani, itapoteza maji mengi. Kwa hiyo huvuta hewa hiyo usiku na kuihifadhi kama asidi. Mchana hufunga vitundu, ikatumia akiba ile na nuru ya jua kutengeneza chakula.

Sasa tazama mpangilio wa Surat al-Muzzammil. Mtume (s.a.w.) anaamrishwa kusimama usiku, kisha anaambiwa kwamba atateremshiwa neno zito. Aya ya 6 inataja athari ya ibada ya usiku, na ya 7 inataja shughuli ndefu za mchana. Nionavyo mimi, usiku unatangulia kwa sababu mchana ni mzito. Kaktasi ni mfano wa kufahamisha tu. Dalili ni aya zenyewe.

Pita hosteli za Wandegeya na Kikoni saa nane usiku, taa zinawaka. Kukesha tunaweza. Tunakesha kwa kazi za masomo na kwa simu, kisha mchana wa mitihani na madeni ya ada unatukuta hatuna akiba moyoni.

Kwetu Magharibi huingia karibu saa moja, na Alfajiri karibu saa kumi na moja na nusu. Basi theluthi ya mwisho huanza takriban saa nane. Kabla ya kufunga kompyuta, swali rakaa mbili. Aya ya 20 imewahafifishia wagonjwa na wasafiri wanaotafuta riziki, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ya kudumu, hata ikiwa kidogo.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama usiku. Amin.