Mtoto Kujifunza Kulala Mwenyewe

Somo la mwezi huu ni la wazazi wenye watoto wachanga, na pia la bibi, shangazi na yaya wanaokaa na watoto hao mchana. Tumelichagua kwa ajili ya akina mama ambao likizo yao ya uzazi inakaribia kwisha. Sheria ya Kenya humpa mama miezi 3, na ya Tanzania humpa siku 84, au siku 100 ikiwa amejifungua watoto zaidi ya mmoja. Siku hizo zikiisha mama hurudi ofisini, shuleni au sokoni, lakini mtoto bado anaamka mara nne au tano usiku, na kila mara halali mpaka abebwe au atiwe titi mdomoni. Mama anasinzia ndani ya basi. Baba na mama wanagombana saa nane za usiku juu ya jambo ambalo mchana wangelicheka. Mwishowe mtu mmoja nyumbani anatoa shauri la kumpa mtoto kijiko cha dawa ya mafua ili alale.

Tuanze na hilo la dawa, maana ni la hatari. Dawa za mafua, za kikohozi na za mzio zinazoleta usingizi kwa mkubwa zaweza kumpunguzia pumzi mtoto mchanga. Asipewe kwa ajili ya kumlaza, hata kidogo, wala asipewe pombe. Uji nao usianzishwe kabla ya miezi 6 kwa kudhani kwamba tumbo zito litamlaza.

Pengine msomaji atauliza, kulala mwenyewe maana yake ni kulala chumba cha peke yake? Hapana. Wengi wetu hatuna chumba hicho, na hata wenye nacho wanashauriwa na madaktari wamlaze mtoto chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza au zaidi. Tunachosema ni kwamba mtoto aweze kuingia katika usingizi akiwa amelazwa mahali pake, bila kubebwa na bila kunyonya.

Yafaa kwanza tujue usingizi wa mtoto ulivyo. Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa 14 hadi 17 kwa siku nzima, lakini hulala vipande vipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Hajui mchana wala usiku. Kuanzia mwezi wa 2 au wa 3 mwili wake huanza kutambua majira. Tena usingizi wake huenda kwa mizunguko ya karibu saa moja moja, na mwisho wa kila mzunguko huamka kidogo. Hata sisi wakubwa huamka hivyo: tunageuka, tunavuta shuka, tunaendelea kulala, na asubuhi hatukumbuki.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wote tumeona usiku wa joto umeme unapokatika: feni inasimama, na nyumba nzima inaamka, ijapokuwa hakuna aliyeguswa. Tulilala na upepo, tukaukosa. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyesinzia titini, mikononi mwa mama, akibembelezwa. Mwisho wa mzunguko anafumbua macho, na titi halipo, mikono haipo, kimya kimetanda. Analia arudishiwe alivyokuwa navyo. Si ukaidi, wala si njaa kila mara. Lakini aliyesinzia akiwa kwenye godoro lake, mwisho wa mzunguko hukuta godoro lile lile, na mara nyingi hujilaza tena bila kumwamsha mtu.

Je, basi tumwache alie mpaka anyamaze? Shauri hilo lina historia. Mwaka 1894 daktari mmoja wa New York, Luther Emmett Holt, alichapisha kitabu cha malezi kilichosomwa sana Marekani, naye alifundisha kwamba mtoto aachwe alie mpaka achoke. Mwaka 1985 Dk. Richard Ferber wa Boston alileta njia nyingine: mzazi aende kumtuliza mtoto kila baada ya muda, na muda huo urefushwe kidogo kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichapisha habari za watoto 43 wenye miezi 6 hadi 16. Waliofundishwa kwa njia ya kwenda na kurudi, na wengine waliocheleweshwa kidogo kulazwa mpaka usingizi uwajie, walisinzia upesi kuliko waliokuwa mwanzo, na baada ya mwaka mmoja hawakuonekana kuwa na upungufu wowote katika upendo wao kwa mama zao. Watoto 43 ni wachache, lakini habari hiyo yatosha kumtuliza mama anayeogopa kwamba dakika mbili za kilio zitamharibu mtoto.

Hata hivyo sisi hatuoni sababu ya kumwacha mtoto apige kelele nusu saa. Katika nyumba zetu ukuta ni mmoja na jirani, na wakubwa wake wanaamka kwenda shule. Tena bibi wana haki wanaposema mtoto wa wiki chache hafai kuachwa akilia. Wengine huwajibu kwa ile methali ya mtoto anayelilia wembe. Methali hiyo ni ya mtoto mkaidi, na mtoto wa miezi miwili hajui ukaidi ni nini.

Kwa hiyo kabla ya miezi 4 mtoto aitikiwe kila anapolia. Kilio huongezeka mpaka karibu wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, na mama asidhani kwamba yeye ndiye aliyekosea. Ikiwa mtoto ameshiba, ni mkavu, hana homa, na bado analia mpaka mlezi anahisi hasira inampanda, amlaze chali mahali salama, atoke nje dakika chache avute pumzi, au amwite mwingine. Mtoto asitikiswe kamwe. Kumtikisa kwaweza kuuumiza ubongo wake hata kumwua. Kazi ya miezi hiyo ni ndogo: mchana madirisha yafunguliwe na watu wazungumze kama kawaida, usiku taa iwe hafifu, anyonyeshwe bila mazungumzo, na simu ikae mbali.

Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 mafunzo yaweza kuanza, mtoto akiwa mzima na anaongezeka uzito. Chagueni jioni ambayo hakuna safari wala mgeni. Mambo yafuatane kwa namna moja kila siku: kuoga, kupakwa mafuta, kunyonya, sala ya nyumbani, wimbo, kitanda. Nyumba nyingi tayari zina sala ya jioni, na mtoto huizoea kama dalili ya kulala upesi kuliko tunavyodhani. Jambo gumu ni kutenganisha kunyonya na kusinzia. Anyonye vizuri mapema, taa ikiwaka, na anapoanza kunyonya polepole, macho yakilegea, mama apitishe kidole pembeni mwa mdomo amtoe. Kisha amlaze chali akiwa amelegea lakini bado anaona. Aweke kiganja kifuani pake, ampigepige taratibu.

Atanung'unika. Kunung'unika si kulia, na mzazi akisikiliza siku mbili tatu atajua tofauti. Akinung'unika, ngoja kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili polepole. Wengi hunyamaza hapo hapo. Akilia kweli, rudisha kiganja, sema naye kwa sauti ya chini. Asipotulia mwinue, mtulize begani, na mlaze tena kabla hajasinzia. Jioni ya kwanza huenda ikawa mara kumi au kumi na tano, na mgongo utauma. Baada ya siku chache, kiganja kikae bila kupigapiga; kisha kaa karibu bila kumgusa; kisha kaa mbali kidogo. Kwa watoto wengi yafaa kutegemea wiki moja au mbili. Akiugua au mkisafiri atarudi nyuma, nanyi mtaanza tena, ila mara ya pili huwa fupi.

Baba ana nafasi kubwa hapa. Mtoto anayesikia harufu ya maziwa hutafuta titi, naye baba hana cha kutafutwa. Katika nyumba nyingi baba akishika zamu ya kumlaza, kazi huenda upesi, ingawa yeye mwenyewe haamini mpaka ajaribu.

Kubebwa mgongoni kwa kanga hatukukatazi. Ni malezi mema, na mama anapata kufanya kazi. Usingizi mmoja wa mchana uwe kitandani, basi. La muhimu ni kwamba bibi na yaya wakubaliane na mama, maana mtoto anayelazwa kwa namna moja mchana na nyingine usiku huchukua muda mrefu kujifunza. Shauri hilo lizungumzwe kwa heshima, mapema, si usiku wa manane mtoto akilia.

Wala tusichanganye jambo hili na kumwachisha kunyonya usiku. Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kila mtoto anapotaka, mchana na usiku. Kunyonyesha usiku hudumisha maziwa, na mtoto ambaye mama yake yuko kazini mchana hulipiza usiku. Akiamka kwa njaa anyonye. Tunataka tu asiamke kwa sababu feni imesimama.

Mahali pa kulala pawe na godoro gumu kiasi, pasipo mto wala blanketi zito, na chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri. Alazwe chali sikuzote. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua kupita nusu. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata wakati wa baridi. Wanaolala na mtoto kitanda kimoja wasifanye hivyo wakiwa wamekunywa pombe au dawa ya usingizi, na asilazwe kamwe kwenye kochi.

Mpelekeni kliniki asiyenyonya, anayepumua kwa shida, anayelia kilio kikali kisicho cha kawaida, au asiyeongezeka uzito. Na mwenye homa chini ya miezi 3 apelekwe siku ile ile. Mama naye, akiwa na huzuni isiyomwachia kwa wiki mbili, au akishindwa kulala hata mtoto anapolala, amwambie muuguzi waziwazi. Huo ni ugonjwa wenye tiba.

Ya kuzungumza katika vikundi: Katika nyumba yako, nani humlaza mtoto, na kwa namna gani? Mama mkwe na mkaza mwana wakitofautiana, nani aanze kusema? Akina mama wa mtaa wetu wanaorudi kazini mwezi ujao ni akina nani, na jioni gani twaweza kwenda kuwapokea mtoto wapumzike saa mbili?