Mashine Itajayo Jina la Bakteria

Zamani maabara iliotesha bakteria kutoka katika sampuli, kisha ikawapima kwa sukari na kemikali mbalimbali. Jina lao lilipatikana kesho yake au baadaye zaidi. Siku hizi ipo mashine ipimayo uzito wa protini, nayo hutaja jina kwa dakika chache tu. Lakini kuotesha hakujaondoka. Mtaalamu hupaka bakteria walioota juu ya kibao cha chuma, huongeza kemikali maalumu, na mwale wa leza huzirusha protini ndani ya bomba lisilo na hewa. Zilizo nyepesi hutangulia, nzito hufuata, na kompyuta hulinganisha mpangilio huo na kumbukumbu zake.

Ugumu hutokea penye ukoo mmoja. Shigella, asababishaye kuhara damu, na Escherichia coli, ambaye aghalabu hukaa utumboni bila kudhuru, hufanana mno kwa protini, hata mashine huweza kumwita mmoja kwa jina la mwenziwe. Kwa hiyo muuguzi anapoandika "anahara damu" katika fomu ya maabara, mtaalamu hujua kwamba vipimo vya zamani bado vinahitajika.

Tena jina halionyeshi dawa ifaayo. Usugu hupimwa kando. Na ikiwa damu imechukuliwa baada ya mgonjwa kuanza kumeza antibiotiki, pengine nyumbani bila kumwambia daktari, bakteria huenda wasiote kabisa, na mashine ikakosa cha kupima.