Mti wa Kusini na Kuvu Zake Tatu

Mwezi huu twataka kujifunza habari za mti usioota katika nchi zetu. Wataalamu huuita notofago. Huota katika nchi za kusini ya dunia tu, yaani Chile na Argentina, New Zealand, kusini-mashariki ya Australia pamoja na kisiwa cha Tasmania, na visiwa vya Guinea Mpya na Kaledonia Mpya. Aina zake zapata 40.

Watu wengi hudhani kwamba kuvu ni uharibifu tu, kama ukungu wa mkate au uozo wa ubao. Lakini tukiutazama mti huu twaona kuvu za namna tatu: ya kwanza ni rafiki, ya pili ni mgeni, ya tatu ni adui.

1. Kuvu iliyo rafiki. Kuvu hii hukaa chini ya ardhi. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huzivika ncha za mizizi kama ala ivikavyo kisu, kisha huenea mbali katika udongo. Huko hunyonya maji na chumvi za ardhi, na kuuletea mti. Mti nao huilipa kuvu kwa sukari, ambayo majani huifanya kwa nuru ya jua. Basi kila mmoja humlisha mwenziwe. Huko New Zealand imeonekana kwamba mche uotao mbali na miti mikubwa hudhoofika, kwa sababu haukupata kuvu katika udongo ule. Kwa hiyo msitu wa notofago ukikatwa hurudi polepole sana, hata kama mbegu zipo. Jambo hili latuhusu na sisi, maana miombo ya Tanzania ina mapatano ya namna iyo hiyo na kuvu za mizizi. Uyoga mwingi tuuokotao miomboni wakati wa mvua ni matunda ya kuvu hizo. Afyekaye miombo yote afyeka na uyoga wake, ajapokuwa hakuugusa.

2. Kuvu iliyo mgeni. Hii yaitwa sitaria. Hupenya ndani ya tawi, na tawi hufanya nundu kubwa ya mti. Baridi ikiisha, juu ya nundu hutokea mipira ya rangi ya manjano au ya chungwa, yenye vishimo vingi kama sega la nyuki. Jina lake latoka katika neno la Kiyunani la chumba cha sega. Hula chakula cha mti, lakini kwa desturi haiui mti, wala haioti juu ya mti mwingine wo wote ila notofago. Mwingereza Charles Darwin aliiona kati ya miaka 1832 na 1834 huko Tierra del Fuego, ncha ya Amerika ya Kusini, akakuta wenyeji wakiila mbichi kama chakula chao cha kawaida. Miles Berkeley, aliyekuwa padre na mjuzi wa kuvu, ndiye aliyeipa jina lake mwaka 1842.

3. Kuvu iliyo adui. Katika Tasmania na Victoria iko kuvu iletayo ugonjwa wa kunyauka. Huingia kwa jeraha, kama vile tawi lililovunjika au gome lililochunwa, tena hupita kwa mizizi iliyoshikamana, hata mti ukafa. Kuvu hii ni ya msitu ule ule tangu zamani, haikuletwa na wageni. Lakini watu wakipasua barabara msituni na kuijeruhi miti, huifungulia mlango.

Limebaki swali moja kubwa. Nchi hizi zimetengwa na bahari pana. Mti ulifikaje kote? Mbegu zake hazivumilii safari ndefu katika maji ya chumvi, wala si chakula cha ndege wapendao kuzichukua mbali. Wataalamu walijibu kwamba hapo kale nchi za kusini zilikuwa bara moja, liitwalo Gondwana, nalo likapasuka. Ushahidi upo, maana majani ya notofago yaliyogeuka mawe yamepatikana hata Antaktika, mahali pasipofika kilomita 600 kutoka ncha ya kusini, ambapo leo ni barafu tupu.

Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. New Zealand ilianza kutengana na bara lile yapata miaka milioni 80 iliyopita. Chembe za urithi zilipopimwa, ikaonekana kwamba baadhi ya miti ya New Zealand na ya Australia ni ndugu wa karibu mno, hata hawawezi kuwa wametengana tangu zamani hizo. Yaonekana mbegu chache zilivuka bahari baadaye, ingawa ni shida. Basi yote mawili ni kweli: nchi zilisafiri na miti yake, na miti mingine ilisafiri yenyewe.

Maswali ya kujifunza pamoja:

Kwa nini mbegu peke yake haitoshi kurudisha msitu uliokatwa?

Sitaria hutofautianaje na kuvu iletayo kunyauka?

Katika kijiji chenu, ni uyoga gani uotao chini ya miti fulani tu, na miti hiyo ingaliko?