Nembo Itasubiri, Tafuteni Ruhusa Kwanza

Wadogo zangu, leo namjibu msomaji wetu anayesoma chuo huko Toronto. Yeye na rafiki yake Myahudi, waliojuana darasani kwenye somo la fasihi, wanataka kuanzisha jarida la mtandaoni la hadithi na mashairi ya Kiyahudi. Nembo wameshachora, jina la tovuti wameshalipia, na sasa wanauliza wazindue mwezi gani. Mdogo wangu, hongera sana. Ila tarehe iweke kando kwanza, maana katika ujumbe wako wote sijaona jina la mwandishi hata mmoja.

Amueni kwanza kama mnataka kutunza ya zamani au kupokea mapya. Hizo ni kazi mbili. Kule Israeli kuna Mradi wa Ben-Yehuda, ambao tangu 1999 unaweka mtandaoni fasihi ya Kiebrania ambayo hakimiliki yake imekwisha. Kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, wanaochapa maandishi ya kale na kuyahakiki neno kwa neno. Hapo hapo Toronto mlipo, mwandishi Nora Gold alianzisha Jewish Fiction .net mwaka 2010. Yeye anachapisha hadithi, zikiwemo zilizofasiriwa kwa Kiingereza, na mwaka 2023 akatoa kitabu cha hadithi 18 kutoka lugha 18. Kwa hiyo msifikirie Kiebrania peke yake. Kuna Kiyidishi cha Ulaya Mashariki, Kiladino cha waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, Kiarabu cha Wayahudi wa Baghdad, Kihispania cha Argentina. Wasomeni hao waliotangulia, mjue pengo liko wapi. Mimi ningewashauri mtie nguvu kwenye mashairi, kwa sababu jarida la Nora Gold ni la hadithi.

Sasa ruhusa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnaamini kilichoko mtandaoni ni cha bure. Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidishi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alifariki 1991. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo hadithi zake bado zina wenyewe. Anna Margolin, mshairi wa Kiyidishi wa New York, alifariki 1952, na mashairi yake katika nchi hizo sasa hayana kizuizi. Lakini mtu akiyafasiri leo, tafsiri hiyo ni mali yake kabisa. Muombeni kwa maandishi, mumlipe hata kama ni kidogo, na jina lake likae juu pamoja na la mtunzi. Wasomaji wa Kiyidishi walikuwa wakimsoma Singer miaka mingi katika gazeti la Forverts la New York. Waliosoma Kiingereza, wengi wao walimfahamu baada ya 1953, mwaka ambao mwandishi Saul Bellow alifasiri hadithi yake ya Gimpel, yule mwoka mikate anayedanganywa na mji mzima. Mfasiri anaweza kumfungulia mwandishi mlango kiasi hicho, halafu jina lake ndilo tunaloliacha nje.

Na majina, wadogo zangu, yashikeni sana! Katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, kulikuwa na chumba cha kuhifadhia karatasi zilizochakaa, kwa kuwa maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi ovyo. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walichukua humo vipande maelfu kwa maelfu, na kati ya hivyo limo shairi la Kiebrania la karne ya 10. Mke anaagana na mumewe anayekwenda mbali. Amempakata mtoto wao wa pekee. Mume anamvisha pete yake, mke naye anamvisha bangili, na kila mmoja anabaki na joho la mwenzake. Wasomi wamebaini kwamba mtunzi ni mke wa mshairi Dunash ben Labrat, mmoja wa wanawake wachache mno wa zama hizo tunaojua walitunga kwa Kiebrania. Jina la mume tunalo. La kwake hakuna aliyeliandika. Huyo Margolin niliyemtaja jina lake halisi ni Rosa Lebensboym, na maisha yake yote alichapisha kitabu kimoja tu cha mashairi. Nawasihi, toleo lenu la kwanza liwe na wanawake, na kila mtunzi awe na maelezo yake mafupi.

Ya kiufundi sitayasemea sana, ila hili moja. Kiebrania na Kiyidishi huandikwa kuanzia kulia, na aliyewahi kushika hati ya utenzi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ananielewa. Ukurasa uliopangwa kwa Kiingereza unaweza kurusha nukta ya mwisho hadi upande usio wake, na vitone vya irabu vikaachana na herufi. Fungueni kila shairi kwenye simu ndogo ya bei nafuu kabla hamjalitoa. Mshairi akikuta mistari yake imekatwakatwa, la pili hatawatumia.

Nakala mziweke zaidi ya mahali pamoja. Nyumba ya mwandishi Shmuel Yosef Agnon huko Bad Homburg, Ujerumani, iliungua mwaka 1924, ikateketeza vitabu vyake na miswada.

Mtaulizwa pia nani anahesabika mwandishi wa Kiyahudi, na siasa za Mashariki ya Kati zitawafuata hadi kwenye barua pepe. Vigezo viandikwe mapema, na hapo neno la mwisho mwachie rafiki yako, kwa kuwa huu ni urithi wa kwao. Mikutano msiiweke Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana, maana baadhi ya waandishi wenu watakuwa wanashika Sabato.

Basi wiki hii mwandikieni mfasiri mmoja. Mtajieni shairi mnalolitaka, na mumwambie bila kuzunguka mnaweza kumlipa kiasi gani.