SOMO LA MWEZI: MWANAMIELEKA NAYE NI MFANYAKAZI



Viwandani na mashambani vijana wetu wengi wanapenda mieleka ya kulipwa, ile ambayo hapa Bujumbura tumezoea kuiita kachi. Hatuwakatazi. Starehe baada ya kazi ni haki ya mfanyakazi. Lakini leo tuutazame mchezo huo kwa jicho la chama. Nani mwenye ulingo? Nani anaanguka? Na mtu akivunjika, nani analipa?

1. Ulingo wa udongo

Mwaka 2023, huko Mukono, mashariki ya Kampala nchini Uganda, Daniel Bumba alianzisha kundi la mieleka liitwalo Soft Ground Wrestling. Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, alikuwa akitangaza mieleka ya ng'ambo kwa Kiganda katika televisheni. Ulingo wa kisasa ni ghali mno. Kwa hiyo walijijengea wao wenyewe kwa miti na mianzi, na badala ya godoro wakaweka tope. Wavulana kwa wasichana wakajifunza kuruka na kuanguka, na picha zao zikaenea dunia nzima kwa simu. Hivyo ndivyo watu wasio na mtaji waanzavyo: kwa mikono yao.

Wapo wasemao kuwa kachi ni maigizo tu. Ni kweli, mshindi hupangwa kabla. Lakini uzito wa mtu anayekuangukia kifuani si maigizo. Hiyo ni kazi, tena kazi ya hatari.

2. Matajiri waliogawana nchi

Marekani makundi ya namna hii yalikuwapo zamani, kila mkoa na lake. Mwaka 1948, katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa, matajiri wa mieleka waliunda umoja wao, National Wrestling Alliance. Walipatana kwamba hakuna kuingia katika eneo la mwenzako. Mwanamieleka aliyegombana na tajiri mmoja aliweza kufungiwa milango na wote. Mwaka 1956 serikali iliwashtaki kwa kuua ushindani, nao wakakubali masharti ya kuacha mambo hayo.

Mwaka 1982 Vince McMahon alinunua kampuni ya baba yake. Kwa nguvu ya televisheni aliingia maeneo ya wengine na kuwachukua wanamieleka wao mashuhuri. Tarehe 31 Machi 1985 alifanya WrestleMania ya kwanza mjini New York. Makundi mengi ya mikoa yakafa. Mwanamieleka aliyekuwa na milango mingi ya kubisha akabakiwa na michache.

3. Chama kilichozimwa

Mwaka 1986 Jesse Ventura aliwashauri wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Habari ilifika kwa tajiri na jambo likafa. Ni mwaka 1994, katika kesi aliyofungua Ventura kudai malipo yake, ndipo ilipojulikana mahakamani kuwa aliyepeleka habari ni Hulk Hogan, nyota mkubwa kuliko wote. Matajiri walikuwa wameungana tangu 1948. Wafanyakazi walishindwa kwa neno la mwenzao mmoja.

Mikataba yao iliwahesabu kuwa watu wanaojitegemea, si wafanyakazi wa kampuni. Anavaa wanachotaka, anashindwa wanapotaka, lakini akiumia huambiwa si mtu wao.

4. Kifo cha Owen Hart

Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini. Kifungo kikaachia, akaanguka ulingoni, akafa. Alikuwa na miaka 34. Onyesho liliendelea usiku uleule. Mwaka 2000 kampuni ilikubali kuilipa familia yake dola milioni 18, baada ya mjane wake kwenda mahakamani.

5. Somo letu

Ndugu, jambo hili si la Marekani tu. Kibarua anayechuma chai au kukata miwa, ambaye jina lake halikuandikwa popote, yuko ulingoni vilevile. Siku panga likimkata mguu, ataambiwa si mtu wao. Kwa hiyo kila mmoja ahakikishe ameandikishwa INSS na mwajiri wake, na ajue namba yake. Ajali ikitokea, iandikwe siku ileile mbele ya mashahidi. Kifaa kibovu kikataliwe na wote kwa pamoja, maana akikataa mmoja atafukuzwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Katika kazi yetu, nani hahesabiwi kuwa mfanyakazi? Kwa faida ya nani?
2. Kifaa gani kinatutia hatarini leo, na nani atapeleka habari kwa mwajiri?
3. Tutafanyaje ili neno la mkutano lisifike kwa tajiri kabla hatujakubaliana?