Istilahi za Kiswahili katika Uunganishaji wa Programu za Huduma na Zana za Kuendesha Kazi Kiotomatiki

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za teknolojia katika Kiswahili umeelemea kwa muda mrefu kwenye majina ya vifaa: je, kifaa kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una nafasi yake, ila athari zake ni haba, kwa kuwa msikilizaji hutambua kinachorejelewa. Makala haya yanadhamiria kuangazia uwanja ambamo istilahi isiyo bayana haimkanganyi msomaji tu, bali huifanya mashine itende kinyume na ilivyokusudiwa. Uwanja huo ni uunganishaji wa programu za kusimamia huduma za teknolojia ya habari na zana za kuendesha kazi kiotomatiki.

Dhana za Msingi

Programu za kusimamia huduma hutumiwa katika vyuo, benki na hospitali kupokea na kufuatilia malalamiko na maombi ya watumiaji wa mitambo. Nyingi hufuata utaratibu wa ITIL, ambao vitabu vyake vya kwanza vilichapishwa nchini Uingereza mwaka wa 1989.

Utaratibu huo hutenganisha dhana nne. Ya kwanza ni kukatika au kudorora kwa huduma bila kutarajiwa. Ya pili ni sababu inayozaa hali hiyo. Ya tatu ni haja ya kawaida ya mtumiaji, mathalani kufunguliwa akaunti ya baruapepe, ambayo njia ya kuitimiza imekwisha kukubaliwa. Ya nne ni kuugeuza mtambo wenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hupimwa na kuidhinishwa kwanza.

Chukua mfano wa chuo ambacho wanafunzi 200 wanashindwa kufungua ukurasa wa usajili asubuhi moja. Ripoti zao zote ni za dhana ya kwanza. Diski ya seva iliyojaa, ambayo ndiyo asili ya yote, ni ya dhana ya pili. Kurejesha huduma ni kazi ya saa hiyo. Kuchunguza kwa nini diski ilijaa kunaweza kuchukua juma zima.

Muungano Unavyofanya Kazi

Zana ya kiotomatiki hupata habari kwa njia mbili: ama huiuliza programu ya huduma kila baada ya muda fulani, ama hupashwa habari mara tu rekodi inapofunguliwa au kubadilishwa. Kisha hulinganisha yaliyomo na masharti iliyopewa. Ikiwa aina ni hii, fundi wa zamu atumiwe ujumbe. Ikiwa aina ni ile, idhini ya meneja isubiriwe. Binadamu huangalia muktadha. Zana hufuata aina iliyochaguliwa na karani, basi.

Hapa ndipo kamba hukatikia pembamba. Katika mazungumzo ya kila siku, neno "tatizo" hubeba dhana ya kwanza na ya pili pamoja. Karani akichagua "Tatizo" kwa maana ya dhana ya kwanza, ilhali zana inalichukua kuwa dhana ya pili, ripoti itaelekezwa kwa wachunguzi wasio na haraka huku wanafunzi wakisubiri. Neno "ombi" lina hatari kubwa zaidi. Likitumiwa kwa dhana ya tatu na ya nne, badiliko la seva linaweza kupitishwa kwa njia nyepesi ya maombi ya akaunti, bila idhini ya yeyote.

Huenda ikadaiwa kuwa suluhisho ni kuziacha menyu katika Kiingereza. Dai hilo halina mashiko. Karani anayepokea simu kwa Kiswahili bado atafasiri kichwani mwake, tena kila karani kwa namna yake.

Mapendekezo

Kwanza, kila dhana ipewe istilahi yake: "hitilafu ya huduma" kwa ya kwanza, "kiini cha hitilafu" kwa ya pili, "ombi la huduma" kwa ya tatu na "pendekezo la badiliko" kwa ya nne. Neno "tatizo" liachiwe mtumiaji katika maelezo yake, lisiwemo kwenye menyu. Pili, masharti ya zana yaegemee msimbo usiobadilika ulio nyuma ya menyu, si maneno yanayoonekana, ili tafsiri iweze kurekebishwa bila kuvuruga muungano. Tatu, mfasiri na fundi waketi pamoja kabla ya masharti kuandikwa, na istilahi zijaribiwe na makarani watakaozitumia.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba msimbo huilinda mashine dhidi ya tafsiri iliyogeuka, lakini hauwezi kumlinda karani aliyepewa neno lenye maana mbili. Kazi hiyo ni ya mwanaistilahi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeielewa ana nafasi katika chumba cha mitambo sawa na aliyo nayo katika chumba cha mhariri.