Makrofaji, Saratani na Bidhaa za "Kuamsha Kinga"

Mtumiaji wa dawa hukutana mara kwa mara na matangazo ya bidhaa zinazodaiwa "kuamsha kinga" ili mwili uitokomeze saratani wenyewe. Madai hayo yamejengwa juu ya ukweli kidogo, na ndiyo maana hupotosha kwa urahisi. Katika somo hili tunaeleza ukweli huo ni upi na unaishia wapi.

Kinga hufanyaje kazi?

Makrofaji ni seli kubwa za kinga zinazopatikana karibu katika kila kiungo cha mwili. Kazi yake ya kila siku ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Ili ziweze kuua seli za saratani, kwa kawaida huhitaji kwanza kupokea ishara. Ishara kuu hutoka kwa seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T, ambazo hutoa protini ya intaferoni-gama. Protini hiyo huziweka makrofaji katika hali ya utayari. Ishara ya pili, kwa mfano vipande vya ukuta wa bakteria, huzichochea kumwaga kemikali kama nitriki oksaidi, ambazo huua seli za uvimbe zilizo jirani.

Hata hivyo, uvimbe nao hutoa ishara zake. Seli nyingi za saratani hubeba protini inayoizuia makrofaji isizimeze. Aidha, uvimbe huweza kuzigeuza makrofaji kuwa wasaidizi wake, zikauchochea kuota mishipa ya damu. Kwa hiyo kuwa na makrofaji nyingi hakutoshi; jambo la msingi ni ishara zinazopokea.

Tiba iliyothibitishwa

Chanjo ya BCG, wanayodungwa watoto dhidi ya kifua kikuu, hutumika pia kutibu saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijapenya kwenye misuli. Bakteria waliodhoofishwa huingizwa kibofuni kwa mpira, nao huamsha kinga mahali penyewe. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 1990. Hutolewa na wataalamu hospitalini. Chanjo ya begani haitibu saratani.

Madai yasiyothibitishwa

Bidhaa iitwayo GcMAF iliuzwa kupitia intaneti kama kiamsha makrofaji kinachoponya saratani. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilifunga kiwanda chake kisicho na leseni huko Cambridgeshire. Ilibainika kuwa plazima ya damu iliyotumika kuitengeneza haikukusudiwa kutumiwa kwa binadamu. Baadhi ya makala za utafiti zilizotumika kuinadi zilibatilishwa na majarida yaliyozichapisha.

Kabla ya kununua, uliza:

1. Je, bidhaa hii imesajiliwa na mamlaka ya dawa nchini?
2. Inatibu saratani ya aina gani? Hakuna dawa moja inayotibu saratani zote.
3. Je, ilijaribiwa kwa wagonjwa, au kwa seli za maabara na panya pekee?

Ukikosa jibu la wazi, usinunue. Usiahirishe wala kuacha matibabu ya hospitali kwa kungojea matokeo ya bidhaa hizo, kwani saratani inayotibika leo huenda isitibike baada ya miezi michache. Mweleze daktari wako kila kitu unachotumia, na bidhaa unayoitilia shaka itolee taarifa kwetu.